Kuanza Kusimamia Timu ya Kriketi katika Mchezo wa Cricket Captain: Mwongozo kwa Mgeni

Katika mchezo wa Cricket Captain hushiki kibao cha kupigia wala hurushi mpira. Kazi yako ni ya nahodha na meneja kwa pamoja: kuchagua wachezaji 11, kupanga nani atangulie kupiga na nani afuate, kuamua nani arushe ova ijayo, kuwapanga wadakaji uwanjani, kusaini mikataba na kulea chipukizi. Toleo lake la kwanza lilitoka Uingereza mwaka 1998, na tangu hapo matoleo mapya yamekuwa yakitoka karibu kila mwaka kwa ajili ya kompyuta, na baadaye kwa simu pia. Anayeufungua kwa mara ya kwanza hupokewa na majedwali ya takwimu, vipimo vya rangi na orodha ndefu za majina, na wengi huufunga hapohapo wakidhani kwamba umetengenezwa kwa ajili ya watu waliokulia kwenye kriketi peke yao. Sivyo. Mchezo huu unaweza kuujifunza mwenyewe, mradi uanzie mahali panapofaa na ukubali kwenda polepole katika msimu wa kwanza. Hatua zifuatazo nimezipanga kwa utaratibu ambao ningependa mimi mwenyewe kuelekezwa nilipoanza.

Hatua ya kwanza: Elewa ushindi unapatikanaje

Huhitaji kuzijua kanuni zote za kriketi, ila yapo mambo machache ambayo ukiyakosa hutaelewa kwa nini umeshindwa. Timu mbili hupokezana zamu. Moja hupiga ili ikusanye mikimbio, ambayo ndiyo pointi za kriketi, nyingine hurusha mpira na kudaka ili iwatoe wapigaji. Mipira sita halali hufanya ova moja, na ova ikiisha mrushaji mwingine huanza kutoka upande wa pili wa pichi, ule ukanda wa yadi 22, yaani mita 20 hivi, ulio katikati ya uwanja. Wiketi kumi zikianguka, yaani wapigaji kumi wakitolewa, zamu imekwisha, kwa sababu mpigaji wa mwisho hawezi kubaki peke yake.

Aina kuu za mechi ni tatu. Kuna T20, ambapo kila timu hupata ova 20. Kuna mechi ya siku moja yenye ova 50. Na kuna mechi ndefu, ambayo kwa kaunti za Uingereza, yaani timu za ligi ya ndani ya huko, huchukua siku nne na kwa timu za taifa, katika mechi za Testi, huchukua siku tano, kila timu ikipata zamu mbili. Katika mechi fupi, ova zikiisha zamu inafungwa hata kama wiketi mbili tu ndizo zilizoanguka. Katika mechi ndefu, zamu kwa kawaida haina kikomo cha ova, na hapo ndipo mtu aliyezoea kandanda hupotea. Kuwa mbele kwa mikimbio 300 hakukupi ushindi ikiwa muda umekwisha kabla hujawatoa wapinzani katika zamu yao ya mwisho. Matokeo yatakuwa sare. Ili ushinde mechi ya namna hiyo unahitaji, kwa kawaida, wiketi 20, na mikimbio unayokusanya ni ya kukupa nafasi na muda wa kuzitafuta. Mgeni akilishika hili moja tu, maamuzi mengi yatakayofuata yatamwia mepesi.

Hatua ya pili: Chagua kaunti dhaifu, si timu ya taifa

Menyu ya mwanzo itakuuliza kama unataka kuongoza timu ya taifa, timu ya ligi ya ndani, au zote mbili. Kishawishi ni kuchukua India au Australia. Nakusihi usifanye hivyo. Timu ya taifa hukupa wachezaji waliokwisha kuiva, haina mikataba ya kujadili, na makosa yako hufunikwa na vipaji vya wengine. Hali ni hiyohiyo kwa kaunti kubwa. Surrey, ambayo katika uwanja halisi ilitwaa ubingwa wa kaunti mara tatu mfululizo, 2022, 2023 na 2024, itakushindia mechi ambazo uliziendesha vibaya, na utabaki na mazoea mabaya bila kujua kwamba ni mabaya.

Kaunti zinazoshindania ubingwa ziko 18, zimegawanywa katika madaraja mawili. Chukua moja ya daraja la pili, yenye kikosi cha wastani na bajeti ndogo. Huko kila wiketi utaifanyia kazi, na utaona wazi uamuzi upi ulioileta. Kuna faida nyingine ambayo wengi hawaifikirii: kaunti ndogo haina wachezaji wengi wanaoitwa na timu ya Uingereza katikati ya msimu, kwa hiyo kikosi unachokifahamu mwezi Mei ndicho utakachokuwa nacho Agosti.

Hatua ya tatu: Jifunze kuzisoma tarakimu kabla ya kumwamini mchezaji

Hapa ndipo ningependa utumie jioni yako yote ya kwanza, bila kucheza mechi hata moja. Fungua orodha ya kikosi, kisha fungua ukurasa wa mchezaji mmoja mmoja.

Tarakimu ya kwanza ya mpigaji ni wastani, na wastani huo ni jumla ya mikimbio yake ikigawanywa kwa idadi ya mara alizotolewa, wala si kwa idadi ya mara alizoingia kupiga. Mfano maarufu kuliko yote ni Don Bradman wa Australia. Katika mechi 52 za Testi aliingia kupiga mara 80, akabaki bila kutolewa mara 10, na akakusanya mikimbio 6,996. Gawanya 6,996 kwa 70 utapata 99.94. Alipoingia kwa mara ya mwisho, uwanja wa The Oval jijini London mwaka 1948, alihitaji mikimbio minne tu ili wastani wake ufike 100, akatolewa bila mkimbio hata mmoja. Usitafute mtu wa namna hiyo katika kikosi chako. Kwa mechi ndefu, mpigaji mwenye wastani wa 40 ni mzuri, mwenye 50 ni wa kulindwa kwa mkataba mrefu, na mwenye 30 anakubalika iwapo anaweza pia kurusha mpira.

Kwa mrushaji mambo hugeuka: tarakimu ndogo ndiyo njema. Wastani wake ni mikimbio aliyoitoa kwa kila wiketi aliyoipata. Chini ya 25 ni bora sana, na zaidi ya 35 ni ghali. Pembeni yake utaona mikimbio kwa kila ova, ambayo hukuambia kama anabana mikimbio au anaivujisha, na idadi ya mipira kwa kila wiketi, ambayo hukuambia anavunja, yaani anawatoa wapigaji, kwa haraka kiasi gani. Warushaji wawili wanaweza kuwa na wastani uleule wa 28 huku mmoja akiwa mtu wa kubana na mwingine mtu wa kuvunja, na katika mechi ndefu utawahitaji wote wawili, kila mmoja kwa wakati wake.

Angalia pia idadi ya mechi. Mpigaji mwenye wastani wa 52 aliyecheza mechi nne amekuonyesha mwezi mmoja mzuri, hajakuonyesha uwezo wake. Mwenye wastani wa 38 kwa mechi 120 unamjua ndani na nje. Halafu utenganishe aina za mechi. Mchezo hukuwekea takwimu za mechi ndefu, za siku moja na za T20 katika kurasa tofauti, na ni kosa kubwa kumpanga mtu katika T20 kwa sababu ya wastani wake wa mechi za siku nne. Katika T20 angalia zaidi kasi, yaani mikimbio anayoipata kwa kila mipira 100. Mwenye 140 huibadilisha mechi, na mwenye 110 huwachelewesha wenzake hata kama hatolewi.

Mwisho, soma yale maelezo mafupi yasiyo ya tarakimu: anapiga kwa mkono wa kulia au wa kushoto, anarusha kwa kasi au kwa spini (kuuzungusha mpira ili uchepuke unapogusa chini), anawaweza zaidi warushaji wa aina gani. Andika majina ya wachezaji wako kwenye daftari pamoja na maneno mawili au matatu kwa kila mmoja. Daftari hilo litakufaa kuliko jedwali lolote la kwenye kioo, kwa sababu utakuwa umeliandika wewe.

Hatua ya nne: Panga wachezaji 11 kwa kuitazama pichi

Kabla ya kila mechi mchezo hukuonyesha hali ya pichi na utabiri wa hewa. Wageni wengi huupita ukurasa huu kwa haraka. Katika kriketi ardhi yenyewe ni mchezaji. Mwezi wa Aprili na Mei nchini Uingereza pichi huwa na majani na unyevu, hewa ni ya baridi, na mpira wa huko, unaotengenezwa na Dukes, una mshono uliojitokeza unaousaidia kupinda hewani na kuchepuka unapogusa chini. Hapo warushaji wa kasi hutawala. Kufikia Julai na Agosti ardhi hukauka, na kadiri mechi inavyosogea siku ya tatu na ya nne nyufa na alama za viatu huupa mpira wa spini mahali pa kuuma.

Mpangilio wa kuanzia ni wapigaji sita, mlinda-wiketi mmoja (mdakaji anayesimama nyuma ya vigingi vitatu ambavyo mpigaji huvilinda) na warushaji wanne, na ukibahatika kuwa na mtu anayeweza yote mawili, wa sita awe huyo ili uwe na mrushaji wa tano. Pichi ikiwa ya kijani, watatu hadi wanne wawe wa kasi. Ikiwa kavu, usimwache nje mrushaji wa spini hata kama wastani wake haukuvutii.

Kuhusu utaratibu wa kupiga, wawili wa kufungua wawe wenye subira, kwa kuwa watakabiliana na mpira mpya na warushaji waliopumzika. Wa tatu awe mpigaji wako bora au anayemkaribia. Wale wanaopiga kwa nguvu lakini hutolewa mapema waweke nafasi ya sita na ya saba, ambako mpira umeshachakaa. Usiogope kubadilisha utaratibu huu unapoona sababu. Mwezi Machi 2001 jijini Kolkata, India ilikuwa nyuma ya Australia kwa mikimbio 274 baada ya zamu ya kwanza, ikalazimishwa kupiga tena mara moja. VVS Laxman, aliyekuwa wa sita katika zamu ya kwanza, akapandishwa hadi nafasi ya tatu, akapiga mikimbio 281. Rahul Dravid, ambaye nafasi hiyo ilikuwa yake, akashushwa hadi ya sita na kupiga 180. India ikashinda kwa mikimbio 171. Katika mchezo, kuwabadilishana watu wawili namna hiyo ni kazi ya sekunde tano.

Hatua ya tano: Sarafu

Kabla ya mechi hurushwa sarafu, na anayeishinda huchagua kupiga au kurusha kwanza. Ukishinda sarafu na huna sababu ya wazi ya kufanya vinginevyo, piga kwanza. Pichi huharibika kwa kuchezewa, na ni afadhali mpinzani ndiye apige siku ya nne. Sababu ya wazi ni majani mengi pamoja na mawingu. Hapo rusha kwanza. Ila hakikisha kwamba umeviona vyote viwili. Nasser Hussain, nahodha wa Uingereza, alishinda sarafu jijini Brisbane mwezi Novemba 2002 akachagua kurusha, na siku ilipokwisha Australia ilikuwa na mikimbio 364 kwa wiketi mbili tu.

Hatua ya sita: Kipimo cha ukali wa kupiga

Hiki ndicho kifaa utakachokigusa mara nyingi kuliko vyote, na ndicho kinachowaangusha wageni. Kila mpigaji aliye uwanjani ana kipimo cha ukali. Ukikishusha anajilinda, mikimbio inakuja kwa tabu lakini ni vigumu kumtoa. Ukikipandisha anashambulia, mikimbio inaongezeka na hatari inaongezeka pamoja nayo. Pembeni kuna kipimo kingine kinachoonyesha amezoea kiasi gani. Mpigaji aliyeingia sasa hivi hajazoea, na hata awe bora namna gani anaweza kutolewa na mpira wa kawaida. Aliyekaa muda mrefu ameshausoma mpira, na hatari ileile ya kushambulia kwake ni ndogo zaidi.

Kwa hiyo kanuni ya kufanyia kazi ni kwamba kipimo cha ukali kifuate kipimo cha kuzoea, wala kisikitangulie. Anza karibu na chini kabisa. Kila alama ya kuzoea inapoongezeka, pandisha kidogo. Usiwachukulie wapigaji wawili walioko uwanjani kama mtu mmoja: yule aliyezoea mpandishe, mgeni mwache ajilinde. Wiketi ikianguka, kabla hujabofya mpira unaofuata, hakikisha kwamba mpigaji mpya hakuanza na ukali ulioukusudia kwa mwingine. Nimepoteza wiketi nyingi kwa kusahau jambo hili, na hakuna hata moja kati ya hizo ambayo mpinzani aliistahili.

Vipindi navyo vina uzito. Ova 15 hadi 20 za mwanzo ni za mrushaji; vumilia, hata kama ubao unasoma mikimbio 30 tu. Baada ya hapo mpira hulainika na warushaji wakuu hupumzishwa, na ndio wakati wa kuvuna kutoka kwa warushaji wa tatu na wa nne. Ova ya 80 ikifika mpinzani ana haki ya kuchukua mpira mpya, hivyo kuanzia ova ya 70 hivi ongeza kasi ikiwa una wapigaji waliozoea, kisha rudi kwenye ulinzi mpira mpya utakapokuja.

Katika mechi zako tatu za kwanza usiruke ova. Mchezo una kitufe cha kuharakisha, na kitakuvuta, lakini wiketi tatu zinaweza kuanguka ndani ya muda huo ulioupita bila kutazama, na hutajua kama ilikuwa ni mpira, ni pichi, au ni kipimo ulichokiacha juu.

Hatua ya saba: Kurusha na kuwapanga wadakaji

Unaporusha, maamuzi ni matatu na yanapaswa kukubaliana: nani anarusha, anaulenga wapi mpira, na wadakaji wamesimama wapi. Kosa la kawaida ni kuwaweka wadakaji wengi karibu na mpigaji upande mmoja huku mrushaji akiulenga mpira upande mwingine. Kwa kuanzia lenga mpira kwenye kigingi cha upande wa mbali na miguu ya mpigaji, au nje yake kidogo tu, na uwaweke wadakaji wa slipu wawili au watatu nyuma, kando ya mlinda-wiketi, kwa kuwa huko ndiko mpira ulioguswa kwa ukingo wa kibao huelekea.

Fungua na warushaji wako wawili wa kasi walio bora, uwape ova tano au sita kila mmoja, kisha uwapumzishe kabla kipimo cha uchovu hakijaanza kuwatesa. Mrushaji aliyechoka hupoteza kasi na usahihi, na ukimng'ang'aniza leo utamkosa siku ya nne. Warushaji wa spini huchoka polepole zaidi, kwa hiyo wanafaa kushika upande mmoja kwa muda mrefu huku wa kasi wakipokezana upande wa pili.

Ukali wa mrushaji nao una kipimo chake. Ukipandishe anapoingia mpigaji mpya, kwa zile ova chache ambazo bado hajazoea. Leta wadakaji karibu, mrudishe mrushaji wako bora hata kama alikuwa amepumzika, na ukubali kutoa mikimbio michache. Nafasi hiyo ni fupi. Mpigaji akishazoea, badilisha njia: watawanye wadakaji, punguza ukali, mpe mkimbio mmoja ili aende upande wa pili, na umshambulie mwenzake. Na ikiwa wawili wote wamezoea, badilisha aina ya mrushaji, hata kwa ova mbili tu. Mpigaji aliyezizoea kasi mbili zinazofanana anaweza kushikwa na spini ya mtu ambaye kwa tarakimu zake hana ukuu wowote.

Hatua ya nane: Muda, kufunga zamu na mvua

Katika ubingwa wa kaunti siku moja hupangiwa ova 96. Piga hesabu kila jioni: zimebaki ova ngapi, na ngapi kati ya hizo utazihitaji ili kutoa wiketi kumi? Ukiwa mbele katika zamu yako ya pili, unaruhusiwa kuifunga kabla wiketi zote hazijaanguka. Mimi huifunga nikiwa nimebakiza kama ova 95, na shabaha ya mpinzani ikiwa juu kidogo ya mikimbio mitatu na nusu kwa ova. Mgeni huchelewa kufunga kwa hofu ya kushindwa, kisha mechi humalizika kwa sare huku mpinzani akiwa na wiketi nane chini.

Ukimzidi mpinzani kwa mikimbio 150 au zaidi baada ya zamu ya kwanza katika mechi ya siku nne, au 200 katika ya siku tano, unaweza kumlazimisha apige tena papo hapo. Kabla ya kukubali, tazama uchovu wa warushaji wako. Ile mechi ya Kolkata ilianza kugeuka pale warushaji wa Australia walipolazimika kuendelea, na Laxman na Dravid wakapiga siku nzima ya nne bila kutolewa hata mmoja. Ikiwa warushaji wako wamechoka na muda upo, piga wewe kwanza.

Mvua katika mechi fupi hubadilisha shabaha kwa hesabu inayoitwa Duckworth-Lewis-Stern, inayozingatia ova na wiketi zilizobaki. Mchezo hukufanyia hesabu, lakini kuisoma ni juu yako. Tarehe 3 Machi 2003 jijini Durban, katika Kombe la Dunia, Afrika Kusini iliamini kwamba mikimbio 229 iliyokuwa nayo ilitosha kuishinda Sri Lanka, na Mark Boucher akaukinga tu mpira wa mwisho kabla ya mvua kuikatisha mechi. Kumbe 229 ilikuwa ya kulingana, na 230 ndiyo ya ushindi. Wenyeji wakaaga mashindano, na kutoka kundi hilohilo wakasonga mbele Sri Lanka, New Zealand na Kenya, ambayo ilifika hadi nusu fainali. Wingu likionekana, kaa mkimbio mmoja juu ya kiwango cha kulingana, usikae sawa nacho.

Hatua ya tisa: T20

Ukishamaliza nusu ya msimu wa mechi ndefu, T20 haitakuchukua muda kuielewa. Ova sita za mwanzo wadakaji wawili tu ndio wanaoruhusiwa nje ya duara la ndani, kwa hiyo wafunguaji wako wawe wa kasi. Kila mrushaji ana kikomo cha ova nne, hivyo huwezi kuingia na warushaji wanne. Watano ni lazima na wa sita ni akiba. Bakiza ova mbili za mrushaji wako bora kwa ajili ya ova nne za mwisho. Usidharau kubana: katika Kombe la Dunia la T20 la 2024, Frank Nsubuga wa Uganda, akiwa na umri wa miaka 43, alitoa mikimbio minne tu katika ova zake nne dhidi ya Papua New Guinea na kupata wiketi mbili, na Uganda ikapata ushindi wake wa kwanza katika mashindano hayo. Warushaji wa namna hiyo mara nyingi hugharimu mshahara mdogo kuliko wapigaji wanaouvusha mpira nje ya mpaka kwa mikimbio sita.

Hatua ya kumi: Mikataba na chipukizi msimu ukiisha

Mwisho wa msimu mchezo hukuletea orodha ya mikataba inayokwisha. Anza na wa kwako kabla ya kuwatazama wa wengine. Warushaji wa kasi waliopita miaka 33 wape mwaka mmoja tu. Wapigaji na warushaji wa spini hudumu zaidi. Baada ya hapo hesabu bajeti iliyobaki, na ujaze pengo moja tu ambalo daftari lako limekuonyesha msimu mzima, badala ya kununua majina.

Nafasi za wachezaji wa kigeni ni chache, na hapo tahadhari inahitajika zaidi. Mchezaji aliyeng'ara kwenye mashindano makubwa bei yake hupanda mara moja. Collins Obuya wa Kenya aliiangusha Sri Lanka jijini Nairobi katika Kombe la Dunia la 2003 kwa kupata wiketi tano huku akitoa mikimbio 24 tu, akiwa mrushaji wa spini, na mwaka huohuo akasajiliwa na kaunti ya Warwickshire. Miaka minane baadaye, kwenye Kombe la Dunia la 2011, alikuwa mpigaji, na dhidi ya Australia jijini Bengaluru alibaki na mikimbio 98 bila kutolewa. Mtu mmoja anaweza kuwa wachezaji wawili kwa nyakati tofauti. Kwa hiyo soma takwimu za misimu yake ya karibuni katika aina ya mechi unayomtakia, si zile zilizompa jina.

Chipukizi wasikukatishe tamaa kwa wastani wao mdogo. Mpe mmoja nafasi ya tano au ya sita katika mechi ambazo matokeo yake hayawezi tena kukupandisha wala kukushusha, na mazoezi ya majira ya baridi uyaelekeze kwake kuliko kwa mkongwe ambaye hatabadilika tena. Kisha hifadhi mchezo wako katika faili jipya, ukiacha lile la msimu uliopita kama lilivyo ili uweze kurudi kulinganisha, na Aprili itakapofika, kabla ya kubofya kitufe cha sarafu, fungua tena ule ukurasa wa pichi.